Mwongozo kamili wa kutengeneza breki na usukani wa pikapu ya zamani

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Mtu amebadilisha pedi za mbele na breki shuu za nyuma, ametoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya breki) mara tatu na kumaliza chupa mbili za mafuta ya breki, lakini pedali bado inazama hadi karibu na sakafu. Mwingine amefunga vichwa vipya vya tairodi, fito zinazounganisha usukani na magurudumu, pande zote mbili, na usukani bado unazunguka bure kabla magurudumu hayajaitika. Katika magari mengi ya namna hii niliyoyafungua, vifaa vilivyofungwa vilikuwa vizima, na kilichokosewa kilikuwa mpangilio wa kazi: shuu hazikusogezwa karibu na dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, kabla ya kutoa upepo, au usukani haukupimwa kabla ya kununua kifaa.

Mwongozo huu unahusu pikapu yenye breki za diski mbele, dramu nyuma, usukani wa boksi, na isiyo na mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu kukwama wakati wa kufunga breki). Vipimo vya gari lako vitoke katika kitabu chake. Ninavyovitaja hapa ni vya kukuongoza tu.

Vifaa na zana

Andaa kila kitu kabla ya kufungua nati ya kwanza, kwa sababu gari lililoachwa juu ya stendi usiku kucha bila magurudumu ni hatari kwa kila anayepita karibu nalo.

- Jeki, stendi mbili au nne za chuma, na kabari za kuzuia magurudumu
- Spana za pete na za kawaida, pamoja na spana ya kushika nati za mabomba ya breki kwa pande zote
- Spana ya kupimia nguvu ya kukaza
- Pula ya kutolea vichwa vya tairodi, au nyundo mbili nzito
- Koleo la springi za breki, bisibisi bapa, brashi ya waya
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga na chupa safi
- Mafuta mapya ya breki, angalau lita moja, kwenye chupa ambayo haijafunguliwa
- Dawa ya kusafishia breki, grisi ya silikoni inayostahimili joto, kotapini mpya (pini za kupinda zinazozuia nati kufunguka)
- Kipande cha ubao, chaki na rula

Kuhusu mafuta ya breki, soma kifuniko cha tangi lake. Pikapu nyingi za zamani hutumia DOT 3 au DOT 4, na hizi mbili zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo kamwe. Mafuta ya injini, hata tone, huvimbisha raba za mfumo mzima, na kuanzia hapo hakuna tiba isipokuwa kubadilisha kila raba. Chupa iliyokaa wazi kwa miezi usiitumie: mafuta haya hunyonya unyevu hewani. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishajaa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na mafuta yakichemka kwenye mteremko mrefu pedali huzama ghafla.

Hatua ya 1: Pima gari likiwa bado chini

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi.

Anza na pedali, injini ikiwa imezimwa. Kanyaga mara kadhaa ili kumaliza nguvu iliyobaki kwenye busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, kisha sikiliza mguu wako unakuambia nini. Pedali inayobonyea kama sponji ina upepo ndani ya mabomba. Pedali inayoshuka sana mara ya kwanza, lakini ukikanyaga tena haraka ikapanda na kuwa ngumu, ina shuu zilizo mbali na dramu. Pedali inayoshika vizuri, kisha ikazama polepole huku umeikanyagia bila kuongeza nguvu, ina uvujaji mahali fulani. Usipoona unyevu popote, raba za masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali, ndizo zinazopitisha mafuta kwa ndani.

Kuna jaribio moja la ziada ambalo mimi hulifanya kila mara. Vuta handbreki meno mawili au matatu, kisha kanyaga pedali tena. Ikiwa sasa inashikia juu zaidi, tatizo ni umbali wa shuu na si upepo, kwa maana handbreki imezisogeza shuu karibu na dramu na pedali haina tena safari ndefu ya kuzifikia.

Kisha geukia usukani. Magurudumu yakiwa yamenyooka na uzito wote wa gari ukiwa juu yake, msaidizi akae kwenye kiti na kutikisa usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi, bila kuuzungusha hadi mwisho. Ikiwa usukani una msaada wa haidroliki, injini iwe inawaka, gia iwe huru na handbreki iwe imevutwa. Wewe usiingie chini ya gari lenye injini inayowaka, bali chungulia na kunyoosha mkono ukiwa pembeni, mbali na feni na mikanda.

Shika kiungo kimoja kimoja kwa vidole, nusu ya kidole ikiwa upande mmoja wa kiungo na nusu upande wa pili. Kiungo kizima hupitisha mwendo mara moja. Kilichochoka hutikisika kwanza, wakati mwingine kwa mlio mdogo wa kugonga, ndipo upande wa pili unapofuata. Anza kwenye shafti inayotoka kwa usukani, endelea kwenye boksi yenyewe, mkono wake, mkono wa upande wa pili unaoshikilia fito, na umalizie na vichwa vya tairodi. Angalia pia kama boksi nzima inasogea kwenye chasisi. Bolti zilizolegea au ufa kwenye chasisi pale boksi ilipofungwa huleta kulegea kulekule ambako watu hulaumu tairodi.

Weka alama ya chaki kwenye kila kiungo chenye tatizo. Kwenye ukingo wa duara la usukani, pikapu nyingi za aina hii huruhusu mwendo usiozidi milimita 30 kabla magurudumu hayajaanza kugeuka.

Hatua ya 2: Inua gari kwa usalama

Sehemu iwe tambarare na ngumu. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa kabari, legeza nati za magurudumu unayoyatoa kabla hayajaondoka ardhini, inua, kisha shusha uzito juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Matofali na vipande vya zege visitumike hata kwa dakika moja, kwa sababu hupasuka bila onyo. Lisukume gari kwa mkono kabla hujaingia chini: likitikisika juu ya stendi, lipange upya.

Kwa upande wa nyuma, weka stendi chini ya ekseli, si chini ya chasisi. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya kutoa upepo.

Gurudumu la mbele likiwa hewani, lishike juu na chini na ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, boljointi au kingipini, yaani kiungo ambacho gurudumu hugeukia, imechoka. Ukilishika kushoto na kulia na likacheza upande huo tu, umerudi kwenye tairodi.

Hatua ya 3: Breki za mbele

Kazi ya pedi ni nyepesi, nami sitakaa nayo sana. Fanya upande mmoja kwanza, ili upande wa pili ubaki kama mfano. Pedi ambayo nyenzo yake imefika milimita 3 ibadilishwe, na pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kamwe si gurudumu moja. Unene wa chini kabisa wa diski huwa umechapwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyo chini ya hapo haichongwi, inabadilishwa.

Usiiache kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya kwenye springi au chasisi, kwa sababu mpira ulionyongwa huweza kupasuka kwa ndani na kuonekana mzima kwa nje. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, fungua nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo, yenye mpira ulioingia kwenye chupa, ili mafuta machafu yatoke badala ya kusukumwa kurudi kwenye masta silinda. Funga nipeli kabla ya kuacha kusukuma. Safisha pini zinazotelezesha kalipa na uzipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha raba zake, kalipa hukwama, na pedi ya upande mmoja huisha mapema huku gari likivuta pembeni.

Ikiwa umetoa kalipa zote mbili, zitie alama. Kalipa ya kushoto huweza kukubali kufungwa kulia, na hapo nipeli huwa chini badala ya juu. Upepo hukaa juu daima, kwa hiyo kalipa hiyo haitatoka upepo hata ukimaliza pipa la mafuta. Niliwahi kuletewa pikapu iliyokuwa imetolewa upepo kwa siku mbili mfululizo, na kosa lilikuwa hilo tu. Nilibadilishana kalipa, na baada ya muda mfupi pedali ikapanda.

Mafanikio hapa: diski inazunguka kwa mkono ikiwa na mkwaruzo mwepesi tu, na kalipa inateleza kwenye pini zake bila kulazimishwa.

Hatua ya 4: Breki za nyuma

Legeza kebo ya handbreki kabisa kabla ya kutoa dramu. Dramu isipotoka, zungusha nati ya kurekebishia ili shuu zirudi ndani; usiipige ukingoni, kwa maana chuma cha kutupwa hupasuka.

Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Shuu za zamani huenda zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lowesha kila kitu kwa dawa ya kusafishia na ufute kwa kitambaa utakachokitupa.

Piga picha kabla ya kutoa springi hata moja. Inua kidogo raba ya pembeni ya silinda ya gurudumu: ndani kukiwa na majimaji, silinda inavuja, na shuu mpya zitaloa ndani ya wiki chache. Angalia pia kipimo cha juu kabisa cha kipenyo kilichochapwa kwenye dramu. Shuu zilizogundishwa zikifika milimita 2 zibadilishe. Zilizopigwa riveti zibadilishe kabla riveti hazijafikia dramu.

Ikiwa shuu mbili za gurudumu moja hazina urefu sawa wa nyenzo, usikisie ipi ikae mbele. Fuata picha, au upande ambao hujaufungua. Kirekebishi cha kushoto na cha kulia nacho hakibadilishani, kwa sababu nyuzi zake zimekatwa kwa mielekeo tofauti, na ukivichanganya vitazidisha umbali wa shuu kila vinapofanya kazi. Paka grisi kidogo sana inayostahimili joto kwenye sehemu ambazo shuu hukwaruza bamba la nyuma. Alama ya kidole chenye grisi kwenye nyenzo ya shuu inatosha kulifanya gari livute upande mmoja, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika shuu mpya.

Hatua ya 5: Sogeza shuu kabla ya kutoa upepo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Pistoni za silinda ya gurudumu zina safari fupi, na masta silinda husukuma kiasi kidogo tu cha mafuta kwa kila mkanyago. Shuu zikiwa mbali, mkanyago mzima huishia kuzisogeza tu, na pedali hufika chini hata kama ndani ya mabomba hakuna tone la upepo. Fundi asiyejua hili hutoa upepo tena na tena, akitafuta kitu ambacho hakipo.

Rudisha dramu na uibane kwa nati mbili za gurudumu. Kupitia tundu la bamba la nyuma, zungusha nati yenye meno hadi dramu ikatae kuzunguka kwa mkono. Kanyaga pedali mara moja kwa nguvu ili shuu zikae katikati, kisha kaza tena ikiwa imelegea. Sasa legeza jino moja moja hadi dramu izunguke, huku ukisikia mnong'ono hafifu wa nyenzo ikigusa chuma kwa mzunguko mzima. Sauti ikija na kupotea, dramu imepoteza uduara wake au shuu haijakaa sawasawa.

Fanya vivyo hivyo upande wa pili, kisha ndipo urekebishe kebo ya handbreki. Ukianza na kebo, utaficha kosa la shuu kwa kuzivuta kwa kebo, nazo zitabaki zikigusa dramu na kuchemka.

Hatua ya 6: Kutoa upepo

Pikapu nyingi zina vali inayopunguza shinikizo la breki za nyuma gari likiwa tupu, inayounganishwa na ekseli kwa fimbo au springi. Ekseli ikining'inia, vali hudhani gari halina mzigo na kubana njia ya nyuma. Ndiyo maana niliagiza stendi ziwekwe chini ya ekseli: springi zikibeba uzito, vali hukaa katika hali yake ya kawaida. Ikiwa vali ina nipeli yake, nayo itolewe upepo kwa zamu iliyoonyeshwa na kitabu.

Weka ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Katika masta silinda ya zamani, sehemu ya mwisho ambayo pistoni haifiki kwa matumizi ya kila siku huota kutu na uchafu. Raba ikisukumwa hadi huko huchanika, na mtu aliyeanza na pedali laini humaliza akiwa na masta silinda iliyokufa.

Mpangilio wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumaliza na lililo karibu. Tangi la mafuta lisipungue chini ya nusu wakati wowote, maana likinyonya hewa unaanza upya. Valisha spana ya pete kwenye nipeli kwanza, kisha mpira mwembamba, ncha yake ya pili ikizama ndani ya mafuta kwenye chupa.

Kubalianeni maneno matatu na msaidizi. Ukisema "kanyaga", anakanyaga polepole na kujibu "nimeshikilia". Unafungua nipeli robo ya mzunguko, mafuta yanatoka, pedali inashuka hadi kwenye ubao, unafunga. Ndipo unasema "achia", naye anaachia polepole. Akiachia kabla hujafunga, upepo utavutwa ndani. Asikanyage haraka haraka pia, kwa sababu mikanyago ya kasi huuvunja upepo kuwa povu la vitone vidogo ambavyo havitoki kwa urahisi.

Tazama mpira, si chupa. Mwanzoni utaona mafuta ya rangi ya chai nzito yakiwa na viputo vikubwa, halafu viputo vidogo kama chembe za mchanga, kisha mafuta safi yasiyokatika. Endelea kwa mikanyago mitatu baada ya kiputo cha mwisho. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye tangi, na yaliyomwagikia rangi ya gari yaoshwe mara moja kwa maji.

Mafanikio hapa: injini ikiwa imezimwa, pedali inashika juu na ngumu kwa mkanyago wa kwanza. Uiwashe injini huku umeikanyagia. Pedali itashuka kidogo tu, dalili kwamba busta inafanya kazi. Ishikilie kwa nguvu sekunde 30, nayo isizame. Kisha zunguka gari na karatasi kavu, ukigusa kila nipeli na kila kiungo cha bomba.

Hatua ya 7: Usukani

Badilisha tu kile ulichokitia chaki. Boksi ya usukani ina skrubu ya kurekebishia juu yake, na kishawishi cha kuikaza ili kulegea kuondoke ni kikubwa. Usiiguse kabla viungo vyote havijathibitishwa kuwa vizima. Ikikazwa kupita kiasi, usukani hubana, hukataa kurudi wenyewe baada ya kona, na meno ya boksi huliwa.

Kwa kichwa cha tairodi, pima kwanza kwa rula kutoka katikati ya kichwa hadi sehemu isiyosogea ya fito, na uandike. Legeza nati au klampu ya fito, toa kotapini na nati, kisha tumia pula. Kama huna, shikiza nyundo moja nyuma ya tundu la mkono wa gurudumu na upige upande wa pili wa tundu kwa nyundo nyingine, mpaka kichwa kiruke chenyewe. Usipige nyuzi za kichwa. Unapokifungua kwenye fito hesabu mizunguko, na ukumbuke kwamba baadhi hufunguka kwa kugeuzia upande usio wa kawaida.

Funga kipya kwa mizunguko ileile na uhakikishe kipimo cha rula. Tundu na kichwa viwe vikavu na safi, bila grisi, kwa sababu vinashikana kwa umbo lao la pembe. Nati ikizunguka pamoja na kichwa, kisukume kwa nguvu kuelekea tunduni hadi kishike. Kaza kwa kipimo cha kitabu, na ikiwa tundu la kotapini halijalingana, kaza zaidi kidogo. Usilegeze kamwe ili lilingane. Kotapini iwe mpya.

Sehemu yoyote ya usukani haichomelewi wala hainyooshwi kwa moto. Iliyopinda inatupwa.

Magurudumu yakiwa chini na yamenyooka, sukuma gari mbele mita chache, kisha pima umbali kati ya matairi mawili ya mbele kwa upande wa mbele na kwa upande wa nyuma, kwenye usawa wa ekseli. Tofauti ikizidi milimita chache, tairodi imekosewa. Kipimo hiki ni cha kukufikisha tu kwenye mashine ya kupimia magurudumu. Bila mashine hiyo matairi mapya huweza kuliwa upande mmoja kabla hujatambua.

Hatua ya 8: Kulijaribu gari

Kaza nati za magurudumu kwa kuruka kutoka moja hadi ya upande mkabala. Kanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea, kwa sababu pistoni za kalipa zilizorudishwa ndani zinahitaji kufikishwa kwenye diski. Anayesahau hili hukuta hana breki mita tano za kwanza.

Chagua eneo wazi lisilo na watu. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, funga breki, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na uangalie kama mpira wowote wa breki unavutwa au kugusa tairi. Halafu fikia kilomita 50 kwa saa na upunguze hadi 10 bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, ukiacha breki zipoe katikati, ili nyenzo mpya ishikane na chuma.

Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, chunguza kalipa iliyokwama au grisi kwenye nyenzo za upande wa pili. Likivuta hata bila breki, rudi kwenye vipimo vya magurudumu. Usukani ukitetemeka wakati wa kufunga breki pekee, kagua diski. Mara nyingi kutu iliyobaki kati ya diski na habu (kitovu cha gurudumu) ndiyo sababu, nayo huondolewa kwa brashi ya waya.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Magurudumu ya ekseli moja yawe na joto linalokaribiana. Lililo moto zaidi lina breki isiyoachia, na lifunguliwe siku hiyohiyo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za magurudumu, angalia kiwango cha mafuta kwenye tangi, na upitishe karatasi kavu kwenye nipeli zote kwa mara ya pili.